Kiweko Kilichobaki: Sanamu za Wanawake za Mwambao wa Ziwa Tanganyika Zikilinganishwa na Miungu wa Kike wa Wakhmer

1.0 Utangulizi

Ilagala ipo kusini ya Ujiji, mahali ambapo Mto Malagarasi unamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Kwa mtaalamu wa lugha, hapa ni njia panda. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kitongwe (F11) na Kibende (F12) zimo katika kanda F, Kiholoholo (D28) kimo katika kanda D, na Kitabwa (M41), kinachosemwa kusini-magharibi ng'ambo ya ziwa, kimo katika kanda M. Kiha na Kivinza zimelizunguka eneo hilo upande wa kaskazini na mashariki, na Kiswahili kimeziunganisha zote tangu siku za misafara ya Ujiji. Watu, chumvi ya Uvinza, samaki na mawese vilivuka ziwa na mto huo kwa karne nyingi. Pamoja navyo ulivuka pia ufundi wa kuchonga.

Kutokana na ufundi huo zilipatikana sanamu za mti za wanaume na wanawake, ambazo nyingi sasa zimo katika makumbusho na mikusanyo ya watu binafsi huko Ulaya na Marekani. Zimepewa vibandiko vya makabila: Tabwa, Holoholo, Tongwe, Jiji, Bembe. Mara nyingi sanamu ya mwanamke huongezewa maelezo kuwa ni mungu wa uzazi. Maelezo hayo hutolewa kwa wepesi, kana kwamba kila umbo la mwanamke lenye matiti na kitovu kilichojitokeza lazima liwe mungu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa maelezo hayo yana upungufu, na kwamba upungufu wenyewe unaweza kubainishwa kwa ulinganisho na mahali ambapo miungu wa kike walichongwa kweli, kwa mawe, na kwa majina yanayojulikana. Mahali hapo ni Kambodia ya Wakhmer, kuanzia karne ya 7 hadi ya 13. Ulinganisho huu haudai kuwa pana uhusiano wa kihistoria kati ya pande hizo mbili; haupo. Unachouliza ni swali moja: sanamu ikishaondolewa mahali pake, ni kitu gani kinachobaki cha kuithibitisha ilikuwa ya nani?

2.0 Suala la istilahi

Kabla ya kuzitazama sanamu zenyewe ni vema kuyapima maneno yanayotumika kuzieleza, kwa sababu Kiswahili kimekusanya maneno hayo kutoka vyanzo mbalimbali na kila neno lina historia yake.

Neno sanamu lina asili ya Kiarabu, na asili hiyo ina maana ya kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Katika Kiswahili maana imepanuka hata ikajumuisha mfano wowote wa umbo, wa kuchonga au wa kuchora. Hata hivyo, kivuli cha maana ya awali hakijatoweka, na anayeiita kazi ya mchongaji wa Utongwe sanamu huwa tayari ameiweka karibu na ibada, atake asitake. Neno kinyago nalo hutumika kwa uso wa bandia wa ngomani na pia kwa mchongo wowote. Methali isemayo kuwa kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi inaonyesha msimamo wa Waswahili juu ya jambo hili: mti uliochongwa, kwa kuwa umechongwa tu, hauna nguvu.

Kundi la pili ni la maneno ya Kibantu yanayotaja viumbe wasioonekana. Neno mungu lina wingi wa miungu, lakini upatanisho wake ni wa viumbe wenye uhai: miungu hawa wamekasirika. Neno mzimu lina wingi wa mizimu, na wasemaji hulipatanisha kwa njia mbili: wapo wasemao mizimu imekasirika na wapo wasemao mizimu wamekasirika. Aidha, katika pwani neno hilo hutaja roho ya marehemu na pia mahali penyewe pa kutambikia, na ndiyo asili ya majina ya mahali kama Mzimuni. Katika lugha za pande za ziwa kuna neno mkisi, wingi mikisi, ambalo linafanana na nkisi ya Kikongo na linataja kitu kilichotengenezwa kikatiwa dawa ili kiwe na nguvu. Watabwa wana pia mipasi, yaani roho za wazee waliokufa, neno ambalo lina ndugu yake katika Kibemba.

Ni dhahiri kuwa mungu, mzimu na mkisi, pamoja na mti wenyewe, yote yamo katika maneno yenye umbo la M-/MI-. Haifai kujenga falsafa nzima juu ya kiambishi kimoja. Hata hivyo, kuyumba kwa upatanisho wa mzimu ni ushahidi wa lugha kuwa kiumbe anayetajwa si mtu kamili wala si kitu kitupu, na sanamu za mwambao wa Tanganyika ziko katika nafasi hiyohiyo.

Kuna tatizo jingine. Kiswahili husema mizimu ya mababu, na kwa kusema hivyo huwafunika mabibi. Katika jamii inayofuata ukoo wa mama, kama Watabwa, kufunika huko ni kosa la maana, kwa sababu njia ya urithi wa utawala na ardhi hupita kwa mabibi. Istilahi ya mungu mke nayo haisaidii, kwani mke katika matumizi ya leo ni mwenzi wa mume. Katika makala haya inatumika istilahi ya mungu wa kike kwa sanamu za Wakhmer, na sanamu ya mwanamke kwa zile za ziwani, hadi hapo ushahidi utakaporuhusu neno mahususi zaidi.

3.0 Miungu wa kike wa Wakhmer

Wakhmer walipokea dini za Kihindu na Kibuddha kutoka Bara Hindi, lakini uchongaji wao ulijitegemea mapema. Katika karne ya 7, huko Sambor Prei Kuk, palichongwa sanamu ya Durga, mungu wa kike anayemshinda pepo aliyejigeuza nyati. Sanamu hiyo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Phnom Penh, jengo lililofunguliwa mwaka 1920. Mungu wa kike wa Koh Krieng, ambaye naye ni wa karne hiyo, ana kifua wazi, kiuno kilichobinywa, na nguo iliyofungwa kiunoni ikashuka hadi vifundoni. Jiwe lililotumika zaidi ni jiwe la mchanga, ambalo huchongeka vizuri na kupokea msasa hata likang'aa kama ngozi.

Wataalamu huzipanga sanamu hizi kwa mitindo kwa kufuata nguo na nywele. Katika mtindo wa Baphuon wa karne ya 11, kwa mfano, mwili ni mwembamba, na ukingo wa nguo hupanda juu mgongoni ukateremka chini ya kitovu kwa mbele. Kwa kuwa mungu mwenyewe hubaki yuleyule huku vazi likibadilika, jiwe lililokatwa kichwa na mikono huweza kutambuliwa karne yake kwa mikunjo ya nguo peke yake.

Hata hivyo, jambo la maana zaidi kwa makala haya halimo katika umbo, bali limo katika maandishi. Mwaka 893 mfalme Yashovarman wa Kwanza aliweka wakfu hekalu la Lolei, lenye minara minne ya matofali juu ya kisiwa kilichokuwa katikati ya ziwa la kuchimbwa. Maandishi yaliyochongwa katika miimo ya milango yanaeleza kuwa minara hiyo ilikuwa ya wazazi wa mfalme na ya babu na bibi yake wa upande wa mama. Mungu wa kike aliyewekwa kwa ajili ya mama aliitwa Indradevi, na yule wa bibi aliitwa Rajendradevi. Zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, baba yake, Indravarman wa Kwanza, alikuwa amejenga Preah Ko, ambako minara mitatu ya mbele iliwekwa kwa ajili ya wazee wanaume na mitatu ya nyuma kwa ajili ya wake zao. Desturi hiyo ilivuka mipaka ya dini. Mwaka 1186 Jayavarman wa Saba, mfalme Mbuddha, aliweka wakfu Ta Prohm, na humo mama yake aliwekwa kwa sura ya Prajnaparamita, yaani hekima iliyokamilika.

George Coedès, aliyeyasoma na kuyatafsiri maandishi mengi ya Kambodia, alisisitiza jambo hili: chini ya jina la mungu mara nyingi yumo mtu wa ukoo. Mungu wa kike wa jiwe, anayeonekana katika chumba cha makumbusho kuwa Uma au Lakshmi na basi, huenda nyumbani kwake alikuwa pia bibi wa fulani, akipewa chakula, nguo na vito kwa jina lake. Bila mwimo wa mlango, ubibi huo hauonekani. Uso haukuchongwa ili ufanane na wa marehemu. Uso ni wa mungu, na jina ndilo la marehemu.

4.0 Sanamu za wanawake za mwambao wa Tanganyika

4.1 Umbo

Sanamu za pande za ziwa hazina urefu wa mawe ya Wakhmer. Nyingi huweza kubebwa kwa mkono mmoja. Mwanamke husimama wima, miguu mifupi, mikono imewekwa pande mbili za tumbo, kitovu kimejitokeza, na macho ni kama yaliyofumbwa nusu. Nywele zimesukwa kwa uangalifu. Nguo ama hazipo ama zilikuwa za kitambaa halisi kilichokwisha kuoza. Mahali pa nguo pamechukuliwa na ngozi yenyewe, iliyojaa chale.

Evan Maurer na Allen Roberts walizikusanya kazi za Watabwa katika maonyesho na kitabu cha mwaka 1985. Baadaye, mwaka 1994, maonyesho ya Berlin juu ya uchongaji wa Tanzania, yaliyopewa kwa Kiswahili jina la Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika, yaliwathibitishia wengi kuwa upande wa mashariki wa ziwa nao ulikuwa na wachongaji wa kuheshimiwa. Kabla ya hapo ilizoeleka kudhaniwa kuwa uchongaji wa Tanzania ni wa Wamakonde peke yao.

Inafaa kukumbuka pia kuwa hata ndani ya Tanzania umbo la mwanamke halina maana moja. Mwana hiti wa Wazaramo na Wakwere, kiwiliwili kidogo cha mti chenye vishungi viwili kichwani, alikabidhiwa mwali aliyewekwa ndani, naye akamtunza kama mtoto. Huyo si mungu, wala si mzimu wa bibi. Ni mafunzo na ni tumaini la uzazi. Kwa hiyo kibandiko cha mungu wa uzazi hakiwezi kubandikwa kwa kutazama umbo tu.

4.2 Mwili ulioandikwa

Kitenzi kinachotumiwa na Watabwa kwa kuchanja chale ni kulemba. Kitenzi hichohicho hutumika kwa kuchora na kuandika. Katika Kibemba pia ukulemba ni kuandika. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja ndugu zake: kuremba, marembo, urembo. Pwani mzizi huo umebaki katika mapambo, na kazi ya kuandika ikapewa mzizi mwingine. Bara mzizi mmoja umeshika yote mawili. Kwa hiyo chale za sanamu si mapambo yaliyoongezwa baada ya umbo kukamilika. Ni maandishi.

Maandishi hayo yanasema nini? Roberts alieleza kuwa safu za pembetatu zinazojirudia katika ngozi, vitu na michongo ya Watabwa huitwa balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mwandamo. Mwezi unapokosekana giza hutawala na mambo mabaya huogopwa. Unapoandama, mwanga hurudi na pamoja nao matumaini. Mwanamke aliyechanjwa balamwezi alibeba juu ya mwili wake ahadi kuwa kilichotoweka kitarejea. Katika sanamu ya marehemu ahadi hiyo inaeleweka bila ya kufafanuliwa.

Hapa ndipo ulinganisho unapotoa faida yake ya kwanza. Mungu wa kike wa Wakhmer ana ngozi laini isiyo na alama, na maandishi yake yamo mlangoni. Mwanamke wa mwambao wa Tanganyika hana mlango wa jiwe, na maandishi yake yamo mwilini. Lakini maandishi ya mlangoni hutaja jina, ilhali ya mwilini hutaja hali: mwanamke aliyekamilika, wa watu fulani. Jina lilibaki katika kinywa cha aliyeitunza sanamu, aliyelitaja wakati wa kutambika.

4.3 Kutiwa nguvu

Methali ya kinyago iliyotajwa hapo juu inakubalika pande zote mbili. Jiwe la Wakhmer likitoka kwa mchongaji halikuwa mungu bado. Lilisimamishwa juu ya kiweko, na chini yake palikuwa na jiwe lenye vishimo vilivyowekwa dhahabu na vito. Ibada ya kulifumbua macho ndiyo iliyokamilisha kazi. Mti wa ziwani nao ulihitaji kitu cha kuuamsha. Baadhi ya sanamu zina tundu utosini, na humo ziliwekwa dawa pamoja na kile kinachoitwa kizimba, kiini kinachozipa dawa nguvu. Wakhmer waliweka amana yao chini ya nyayo, na wachongaji wa ziwani waliiweka juu ya kichwa. Wote walikubaliana kuwa umbo ni nyumba tu, na nyumba huhitaji mwenyeji.

Tofauti iliyopo ni ya muda. Wakhmer waliishi, hata wafalme wao, katika nyumba za mti, wakawajengea miungu kwa mawe na matofali. Walitenganisha kinachooza na kisichooza. Watu wa ziwani hawakutenganisha. Mchwa walipoila sanamu, nyingine iliweza kuchongwa na mzimu ukaitwa kuingia humo. Ukoo ulipohama, bibi alihamishwa pamoja nao. Udhaifu wa mti haukuwa kasoro maadamu mnyororo wa watu wanaolijua jina haukukatika.

5.0 Kuondolewa na kuthibitisha

Mnyororo huo ulikatika katika miaka ambayo tarehe zake zinajulikana. Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoundwa Brussels mwaka 1876 chini ya Mfalme Leopold wa Pili, ilianzisha kituo cha Karema, mwambao wa mashariki, mwaka 1879. Émile Storms, askari wa Kibelgiji, alishika Karema mwaka 1882, na mwaka uliofuata akavuka ziwa na kuanzisha Mpala. Desemba 1884 wapiganaji wake walikishambulia kijiji cha mtawala wa Kitabwa, Lusinga, wakamuua na kukata kichwa chake. Fuvu lilipelekwa Ubelgiji. Sanamu ya mzee wa ukoo wa Lusinga ilipelekwa pia, na sasa ni mali ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels.

Sanamu hiyo ni ya mwanamume, lakini inahusika hapa kwa sababu ni miongoni mwa chache ambazo kuondolewa kwake kumeandikwa. Inajulikana ilikuwa ya nani kwa kuwa aliyeichukua alijivunia kuichukua. Sanamu nyingi za wanawake hazikupata hata ushahidi huo wa kusikitisha. Zilinunuliwa, zilipewa, au ziliokotwa, zikabadilishwa mikono, na kila mkono ulisahau kidogo, hata kikabaki kibandiko cha kabila na neno uzazi.

Kambodia nayo iliporwa. Mwaka 1923 kijana André Malraux, ambaye baadaye alikuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, alikamatwa kwa kuchukua michongo ya miungu wa kike iliyokuwa ukutani mwa hekalu la Banteay Srei. Katika vita vya miaka ya 1970 na baada yake, Koh Ker, iliyokuwa makao makuu ya wafalme katika karne ya 10, ilivunjwavunjwa. Lakini wezi walipokata sanamu vifundoni waliacha nyayo juu ya viweko. Nyayo hizo ndizo zilizotoa ushahidi. Sanamu ya shujaa Duryodhana, iliyokuwa iuzwe kwa mnada New York, ililinganishwa na nyayo zilizobaki Prasat Chen, na mwaka 2014 ilirudi kwao. Desemba 2023 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalitangaza kurudisha sanamu 14 kwa Kambodia, miongoni mwao mungu wa kike wa karne ya 10 kutoka Koh Ker.

Swali lililoulizwa mwanzoni sasa linaweza kujibiwa kwa upande mmoja. Jiwe likiondolewa, kiweko na mwimo wa mlango hubaki. Kwa upande wa pili jibu ni gumu zaidi. Mti ukiondolewa Ilagala, au Karema, au Mpala, hakuna nyayo zinazobaki ardhini. Kinachobaki ni maneno: jina la kitu, kitenzi cha kukichonga, jina la alama ya mwilini, salamu ya kukiita, jina la aliyeitwa. Msamiati ndio kiweko cha sanamu hizi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, istilahi ya mungu wa uzazi haistahili kutumika kwa sanamu za wanawake za mwambao wa Tanganyika bila ya ushahidi wa mahali, kwa kuwa hata huko Angkor, ambako miungu wa kike hawana shaka, ndani ya mungu alikuwamo bibi wa ukoo. Pili, chale za sanamu hizi ni maandishi kwa mujibu wa lugha za wenyewe, na mzizi wa kulemba unapaswa kuingizwa katika mjadala wa historia ya dhana ya kuandika katika lugha za Kibantu. Tatu, ushahidi wa asili ya sanamu za mti umo zaidi katika lugha kuliko ardhini.

Kutokana na hayo, kazi inayozikabili idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika ni dhahiri. Kibende kimepata msamiati uliokusanywa na Yuko Abe na kuchapishwa mwaka 2006, na mfano huo unafaa kufuatwa kwa Kitongwe na Kiholoholo, hasa katika maneno ya uchongaji, chale, matambiko na nasaba za upande wa mama. Wazee wanaoyajua maneno hayo ni wachache, na vijana wa mwambao husema Kiswahili zaidi kila mwaka. Kiswahili kilichoyafunika maneno hayo ndicho kinachoweza pia kuyahifadhi, iwapo watafiti wake hawataridhika na mababu bila ya kuuliza habari za mabibi.

Kambodia ilipodai sanamu zake, ilionyesha nyayo za mawe. Siku mwambao wa Tanganyika utakapodai zake, utaulizwa majina. Ni wajibu wa taaluma hii kuhakikisha kuwa siku hiyo majina yatakuwapo.